Asiyehesabiwa Hutibiwa kwa Kukisia

Ilikuwa siku ya kliniki ya presha. Shosho wa miaka 78 kutoka upande wa Othaya aliketi mbele yangu, akafungua kiondo chake, akapanga dawa mezani moja moja kama mtu anayepanga nyanya sokoni Karatina. Mbili za presha, moja ya sukari, moja ya magoti, na nyingine ambayo yeye mwenyewe alikuwa amesahau kazi yake.

“Daktari, hii nyeupe ndiyo shida,” akasema. “Asubuhi nikiinuka kumkama ng’ombe naona giza. Juzi nilishika kigingi, la sivyo ningeanguka.”

Nikampima akiwa ameketi: presha ya juu ilikuwa 152. Nikamwomba asimame, nikangoja dakika tatu, nikampima tena: 118. Giza lilikuwa limejieleza. Ambacho hakikujieleza ni nipunguze kiasi gani. Kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa kilisema wazee waanzishwe kwa uangalifu. Uangalifu wa miligramu ngapi, hakikusema. Nilikata dozi nusu, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Niliandika bila kusita, kama mtu mwenye uhakika, kumbe nilikuwa nakisia.

Safu ya leo ni ya kukisia huko: kunatoka wapi, na kwa nini wakazi wa Nyeri, Murang’a, Kirinyaga, Embu na Meru wana sababu ya kujali.

Kipimo cha dawa hutoka kwa watu. Kabla dawa haijafika kwa mwenye duka pale mjini, watu kadhaa walikubali kuimeza huku wakichunguzwa. Waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa wakapewa dawa mpya, wale dawa ya zamani au kidonge kisicho na kitu, na mara nyingi hata daktari hakujua nani kapewa nini. Mwishoni watafiti wakahesabu. Jibu linalopatikana ni wastani, na wastani huo ni wa wale waliokuwa ndani. Wewe uliyekuwa nje unapewa dawa kwa dhana kwamba unafanana nao.

Mara nyingi dhana hiyo haina makosa. Moyo wa mtu wa Mukurwe-ini na wa mtu wa Stockholm hupiga kwa kanuni zile zile. Tatizo ni pale tofauti inapokuwapo, kwa sababu huwezi kuijua kwa kumtazama mtu usoni. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuanze na presha, ugonjwa ambao katika eneo hili la Mlima Kenya umezoeleka hata watu wanausalimia kwa jina. Serikali ilipochagua kaunti nne za kujaribia huduma ya afya kwa wote mnamo Desemba 2018, Nyeri iliingia pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, na sababu yake ilikuwa mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza. Miaka mitatu kabla ya hapo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima nchini wana presha ya juu. Lakini tazama ulihesabu nani: watu wa miaka 18 hadi 69. Shosho wangu alikuwa amevuka mpaka wa hesabu hiyo, na Nyeri ni miongoni mwa kaunti zenye wazee wengi zaidi nchini.

Dawa zenyewe zilijaribiwa kwa nani? Kwa muda mrefu madaktari wa Afrika tulitegemea matokeo ya ng’ambo. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotangazwa Desemba 2002, ALLHAT, ulikuwa na washiriki zaidi ya 33,000, na karibu thuluthi moja walikuwa Wamarekani weusi. Ulionyesha kwamba kwa watu hao, kidonge cha kuongeza mkojo kilishinda dawa za kundi la lisinopril. Kutoka hapo ikazaliwa kanuni ya “mgonjwa mweusi”, nasi tukaitumia Nyeri kana kwamba mtu mweusi wa Alabama na wa Tetu wamelelewa jiko moja, kwa chumvi moja na ugali mmoja.

Ilichukua hadi 2019 kupata jibu letu wenyewe. Utafiti wa CREOLE uliwachukua wagonjwa 728 kutoka nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ukalinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Michanganyiko miwili iliyokuwa na amlodipine ilishusha presha zaidi ya ule usiokuwa nayo, kwa tofauti ya takriban vipimo vitatu. Kwa mtu mmoja vitatu ni vichache, ila kwa taifa zima ni viharusi vingi vinavyoepukwa. Leo nikiandika amlodipine siazimi tena jibu la mtu mwingine.

Hata hivyo, wastani wa umri wa washiriki wa CREOLE ulikuwa miaka 51. Huo ni umri wa mwanawe shosho. Utafiti ulijibu vizuri swali la presha inashukaje. Swali la mama wa miaka 78 mwenye dawa tano, anayeinuka alfajiri ya baridi kumkama ng’ombe, lilibaki pale pale.

Hapo ndipo neno “Mwafrika” linapoanza kuvuja. Wengi wetu tukisikia wito wa kuchanganya washiriki wa majaribio tunafikiria rangi: Wazungu wamekuwa wengi, nasi tuongezwe. Ni kweli, lakini ni nusu ya hoja. Nusu ya pili imelala hapa hapa nyumbani, na mmoja wa waliotangulia kuiona aliiona akiwa amekuja kwa ajili ya mlima wetu.

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara Mlima Kenya. Miongoni mwao alikuwamo Anthony Allison, kijana wa udaktari aliyekulia shambani Kenya. Wenzake wakishughulika na mimea na wanyama wa mlimani, yeye alichukua sampuli za damu katika jamii mbalimbali nchini, akitafuta chembe za selimundu. Alichokuta kilimshangaza. Karibu na pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba chembeuzi moja ya selimundu. Huku nyanda za juu, haikufika hata mmoja kati ya mia. Allison akajiuliza kinachofanana kati ya pwani na ziwa ni nini, na jibu lake likawa mbu: penye malaria nyingi, chembeuzi hiyo moja humkinga mtu, nayo hubaki katika ukoo. Penye baridi ya mlima haina faida, basi ni adimu.

Sasa chukua funzo hilo ulitie kwenye dawa. Mwaka 2003 ilisajiliwa dawa ya malaria iitwayo Lapdap, ambayo utafiti wake ulikuwa na mizizi Kilifi. Ilikuwa ya bei nafuu, nayo ilitarajiwa kuwafaa maskini. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata katika nchi kadhaa za Afrika yakafichua kwamba kwa watu wenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, dawa hiyo ilipasua chembe nyekundu na kuwashusha damu kwa kiwango cha hatari. Februari 2008 ikaondolewa sokoni. Upungufu huo wa G6PD hufuata nyayo zile zile za malaria ambazo Allison alizifuata. Fikiria basi kama dawa ya aina hiyo ingejaribiwa Nyeri mjini peke yake. Tungeandika ripoti safi, yenye washiriki Waafrika asilimia mia, ambayo ingewadhuru watoto wa Kwale na Siaya.

Nasema hivi ili tusijidanganye kwamba kabila ndilo kipimo. Familia moja inaweza kuwa na ndugu Nyeri mjini, asikosumbuliwa na mbu wa malaria, na ndugu mwingine Mwea, kwenye mashamba ya mpunga ya Kirinyaga, anakolala chini ya neti. Lugha ni moja na majina ni yale yale, ila miili inakutana na mambo tofauti. Wanasayansi wa mradi wa H3Africa walipochunguza jeni za watu 426 tu kutoka jamii 50 za Afrika, katika matokeo ya mwaka 2020, walikuta tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa. Bara lenye tofauti nyingi hivyo haliwezi kuwakilishwa na kliniki mbili za mji mkuu.

Teremka sasa kwenye barabara kuu hadi Thika, mahali ambapo watu wa mlima hubadilishia matatu. Mji huo umeandika kurasa mbili katika vitabu vya tiba duniani, na wapita njia wengi hawajui.

Ukurasa wa kwanza ni wa Partners PrEP. Thika ilikuwa miongoni mwa vituo tisa vya Kenya na Uganda vilivyoandikisha jozi 4,758 za wapenzi, katika kila jozi mmoja akiwa na virusi vya UKIMWI na mwenzake hana. Asiye na virusi alimeza kidonge kila siku. Julai 2011 matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba kundi la kidonge tupu lilisimamishwa: tenofovir pekee ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na ikichanganywa na emtricitabine kwa asilimia 75. Wake walikingwa, na waume walikingwa. Marekani ilipoidhinisha kinga hiyo mwaka 2012, haikumwacha mwanamke nje.

Linganisha na kilichotokea 2019. Kidonge kingine cha kinga, Descovy, kilijaribiwa kwa watu zaidi ya 5,300, wote wakiwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume pamoja na wanawake waliobadili jinsia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiidhinisha, lakini ikaandika wazi kwamba walio katika hatari ya kuambukizwa kupitia uke hawamo, kwa kuwa hawakuchunguzwa. Mwanamke wa Afrika, anayebeba sehemu kubwa ya mzigo wa ugonjwa huu, aliambiwa asubiri. Alisubiri miaka mitano, hadi utafiti wa PURPOSE 1 katika Afrika Kusini na Uganda ulipotoa majibu. Uliwachukua wanawake na wasichana zaidi ya 5,300, na waliopata mimba katikati wakaruhusiwa kuendelea. Mwaka 2024 ukatoa habari mbili: kati ya wanawake 2,134 waliodungwa lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na kile kidonge cha Descovy hakikuonyesha kinga ya maana kwao, hasa kwa kuwa wengi hawakuweza kukimeza kila siku. Mambo haya mawili yasingejulikana kwa kuwachunguza wanaume.

Ukurasa wa pili wa Thika ni wa KEN SHE. Kati ya Desemba 2018 na Novemba 2019, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijiandikisha Thika, Nairobi na Kisumu. Watafiti, wakiwemo Nelly Mugo na Elizabeth Bukusi wa KEMRI pamoja na Ruanne Barnabas, waliuliza swali la bei: je, sindano moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatosha badala ya mbili au tatu? Wengine walipewa aina moja ya chanjo hiyo, wengine aina ya pili, na kundi la tatu likapewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa kulinganisha.

Baada ya miezi 18 wakahesabu maambukizi sugu ya aina za 16 na 18, zile hatari zaidi. Kundi la kulinganisha lilikuwa na 36. Makundi ya chanjo yalikuwa na mmoja mmoja. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5, kwa sindano moja, katika nchi ambayo saratani hiyo huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka. Matokeo yalitoka Aprili 2022, na mwezi huo huo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakapendekeza kwamba dozi moja inaweza kutosha.

Itazame mipaka ya pendekezo hilo, maana humo ndimo hoja yangu yote imekaa. Dozi moja ilikubaliwa kwa wasichana na wanawake wa hadi miaka 20. Kuanzia 21, mbili. Wenye virusi vya UKIMWI au kinga dhaifu, angalau mbili na ikiwezekana tatu. Sasa rudi kwenye orodha ya KEN SHE: umri wa juu ulikuwa 20, na wenye virusi hawakuingizwa. Mwili wa mwanamke haubadiliki usiku wa kutimiza miaka 21. Kilichokoma hapo ni ushahidi, nayo sera ikasimama mguu kwa mguu nao. Wasichana wa Thika, kwa kukubali kuchomwa sindano na kurudi kliniki mara kwa mara, waliwarahisishia njia mamilioni ya mabinti wasiowajua. Ambao hawakuwa chumbani walibaki na utaratibu mrefu na wa gharama zaidi, labda kwa haki, labda bila sababu.

Kwa nini basi watu wa mlima si wengi kwenye majaribio? Jibu la haraka ni woga, na woga upo. Babu zetu walihadithiana habari za mumiani wanyonya damu, na hawakuwa wajinga: ilikuwa namna ya kusema kwamba mwenye mamlaka huchukua bila kuomba. Allison mwenyewe, ili kuthibitisha wazo lake, aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo, nusu wenye chembeuzi ya selimundu na nusu wasio nayo. Matokeo aliyochapisha 1954 yalikuwa ya kusisimua: waliougua ni 14 kati ya 15 wasio nayo, na wawili tu kati ya 15 wenye nayo. Lakini hiyo ilikuwa koloni, miaka kumi kabla ya Azimio la Helsinki la 1964 kuweka ridhaa ya mshiriki mbele ya haja ya mtafiti. Neno “hiari” lilikuwa na uzito gani kwa mtu aliye chini ya utawala wa kikoloni? Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walipoitilia shaka kampeni ya chanjo ya pepopunda, na serikali ikawapinga, wengi Nyeri walikaa kando wakasubiri. Imani haijengwi kwa tangazo la redio.

Lakini kabla ya woga kuna jambo rahisi zaidi: watu wengi hawajaulizwa. Vituo vikubwa vya utafiti vimekaa Kilifi, Kisumu, Nairobi na Eldoret. Na anayeulizwa, huulizwa kwa lugha gani? Niliwahi kuketi kwenye kamati ya maadili, tukaletewa fomu ya ridhaa yenye kurasa 14. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba mshiriki atapewa dawa “ovyo ovyo”. Alimaanisha bahati nasibu. Mama mmoja kati yetu, ambaye hakuwa daktari, akacheka: “Mimi nikisoma hivyo nafunga mlango. Waambieni ni kama kwenye chama, tunapookota karatasi kujua nani atakula pesa kwanza.” Hakuna profesa aliyewahi kunielezea jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao ni za haki. Ukiwagawa washiriki katika vikundi vingi, kila kikundi kinakuwa kidogo hata hakisemi kitu cha kuaminika. Ni kweli. Ndiyo maana dawa ya kutumiwa na wote huhitaji utafiti mkubwa wa nchi kadhaa, na kufuatiliwa hata baada ya kusajiliwa, badala ya kuongeza watu wanne wa Nyeri ili ripoti ipendeze. Wengine watasema wazee na wajawazito ni dhaifu, tusiwahatarishe. Hapo sikubaliani. Ukimtoa shosho kwenye jaribio, hatari haitoweki. Inahamia kwenye zizi la ng’ombe, asikokuwapo muuguzi wala wa kuandika kwamba ameanguka.

Ninachoomba kinawezekana. Kamati za maadili zimuulize kila mtafiti, kabla ya kuuliza idadi ya washiriki, nani hayumo na kwa nini. Umri wa juu uondolewe pasipo na sababu ya kitabibu. Ridhaa isomwe kwa sauti kwa Gĩkũyũ au Kimeru pale mzee anapotaka, na watafiti waende kwenye vyama, makanisa na vituo vya kukusanyia majani chai badala ya kungojea mjini. Nauli na siku ya kazi iliyopotea vilipwe. Dawa ikifaulu, waliojitolea wawe wa kwanza kuipata, na hapa tuna deni: baada ya wasichana wa Thika kufanya walichofanya, mabinti wengi wa nchi hii bado hawajachanjwa.

Shosho alirudi baada ya wiki mbili. Akisimama, presha ya juu ilikuwa 136, na giza limeondoka. Mara hii nilikisia vizuri. Kabla hajafunga kiondo nikamuuliza: watafiti wakija kutafuta watu wa umri wake, wamjaribu dawa na kumfuatilia, atakubali?

Akafikiri kidogo. “Nauli watanipa?” Nikasema wanapaswa. “Na siku hiyo ng’ombe atakamwa na nani?” Nikanyamaza. “Na wakimaliza, watarudi kuniambia walichoona?”

Nimeyapeleka maswali hayo matatu kwenye kamati jinsi alivyoyauliza, pamoja na la ng’ombe.